Matundu matatu hayathibitishi kitu

Mpiga shabaha wa yadi 1000 kule Marekani anapima baruti ya kila risasi kwa mizani inayosoma miligramu moja. Mwenzake wa yadi 100 anachota baruti kwa kipimo cha ujazo, kama muuza karanga na kikombe chake, na anaondoka na ushindi. Hakuna mzembe kati yao. Kila mmoja anajua kosa lipi litamgharimu, na hicho ndicho wengi wetu tunaoandika utafiti wa mwaka wa mwisho tunakikosa.

Mchezo wenyewe unaitwa benchresti. Bunduki inalazwa mezani, mbele imeegemezwa, nyuma imekalia kifuko cha mchanga, ili mkono wa mtu usiwe kisingizio. Kinachopimwa ni matundu yamekaribiana kiasi gani kwenye karatasi. Klabu ya Williamsport, Pennsylvania, inashindania yadi 1000, yaani mita 914, tangu 1967: bunduki nyepesi risasi tano, nzito kumi. Risasi za dukani hawana hamu nazo. Wanachukua ganda lililokwishatumika, wanalirudisha kwenye umbo lake, wanatia fataki mpya, baruti na kichwa cha risasi, na kila hatua wanaipima.

Kwa nini huyu apime miligramu na yule achote tu? Kwenye yadi 100 risasi inafika kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo tofauti ndogo ya mwendo haipati muda wa kuonekana. Kwenye yadi 1000, risasi mbili zikipishana mwendo kwa mita tatu tu kwa sekunde, moja inaweza kupiga chini ya nyingine kwa sentimita tano au sita. Hapo mizani ina kazi. Lakini upepo wa pembeni wa kilomita 1.6 kwa saa, ambao hata kanga haupeperushi, unaisogeza risasi hiyo takriban sentimita 15. Aliyekesha akipima baruti halafu asiangalie bendera za upepo uwanjani amepoteza usiku wake bure.

Sasa rudi hapa chuoni. Mtu amehoji watu 40 sokoni, tena wengi ni marafiki wa shangazi yake, halafu ripoti inasema asilimia 67.50 wanakubali. Hizo desimali mbili za nini, jamani? Upepo umemhamisha sentimita 15 na yeye anahesabu miligramu.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi wale watu wanavyochukulia idadi. Piga risasi tatu, ukibahatika zitakaribiana, utapiga picha na kuwatumia rafiki zako. Hesabu za uwezekano hazina urafiki: kwa bunduki ile ile na mpigaji yule yule, vikundi vya risasi kumi kwa wastani hupanuka kwa karibu asilimia 60 kuliko vya risasi tatu. Bunduki haijaharibika, ila tu umeipa nafasi ya kusema ukweli. Ndiyo maana kwenye mashindano kikundi kimoja kizuri hakikupi ubingwa wa jumla. Wanachukua wastani wa vikundi kadhaa, na tundu lililokwenda kando linahesabiwa kama mengine. Huwezi kusema "hii ilinitoroka" ukaifuta.

Tena hawaaminiani kwa maneno. Kwenye mashindano rasmi ya yadi 100 na 200, nyuma ya shabaha kuna karatasi nyingine inayosogea taratibu, ili hata risasi tano zikipita kwenye tundu moja mbele, kule nyuma kila moja iache alama yake. Ukipiga nne ukadai tano, karatasi inakusema.

Sisi karatasi hiyo hatuna. Ndiyo maana kupika data limekuwa neno la kawaida hosteli, linasemwa huku watu wanacheka. Kipimo cha maabara kikigoma kukaa kwenye mstari wa grafu, kinafutwa. Hojaji zikipungua, zinajazwa usiku kwa kalamu za rangi tofauti. Nasikia utetezi: muda mfupi, boom limechelewa, msimamizi hapatikani. Yote kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloigeuza hojaji uliyoijaza mwenyewe kuwa jibu la mtu.

Wapo watakaoniuliza bunduki zinatuhusu nini. Mimi si shabiki wa silaha, na sitamani chuo kifungue uwanja wa kulengea. Ninachotaka ni ile karatasi ya nyuma. Idara zianze na jambo dogo: kila utafiti uambatane na daftari la data ghafi, pamoja na vipimo vilivyoachwa na sababu ya kuachwa, na msimamizi alifungue mbele ya mwanafunzi kabla ya kusaini. Najua wenzangu wengi hawatalipenda pendekezo hili, hasa wale ambao grafu zao zimenyooka kama rula.