Lenzi Pana kwa Mfuko Mwembamba



Kila majani yanapoanza kugeuka rangi, ukurasa huu huletewa swali lile lile: tununue lenzi gani ya pembe pana ili tupige picha za mandhari? Muulizaji kwa kawaida ana kamera ya Canon au Nikon iliyokuja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, na ana dola 300 alizodunduliza kwa kazi za jioni. Kwa mwanafunzi, hizo si pesa za kuchezea. Ni vitabu vya muhula, au ni karo ya mdogo wake nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya kutaja lenzi yoyote, tuulizane kwanza: lenzi pana inafanya kazi gani?

Wengi hujibu kwamba inaingiza kila kitu. Hiyo ni nusu ya jibu. Ni kweli kwamba kwenye Nikon ndogo, milimita 18 huona nyuzi 76 kutoka pembe hadi pembe, na milimita 10 huona nyuzi 109. Lakini kila inapoingiza zaidi, hukifanya cha mbali kiwe kidogo, na cha karibu kionekane kikubwa. Ukiupiga Kilimanjaro kutoka Moshi kwa milimita 10, utapata anga kubwa, barabara kubwa, na mlima kama kichuguu. Zile picha za tembo wa Amboseli wenye mlima mkubwa nyuma yao hupigwa kwa lenzi ndefu, kutoka mbali.

Walimu wetu wanajua kwamba neno mandhari ni ndugu wa nadhari. Yote mawili yanatoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kutazama. Mandhari ni kinachotazamwa, na mtazamaji lazima achague. Kanuni yetu basi ni hii: lenzi pana inastahili pesa yako ikiwa una kitu cha kuweka karibu na kamera, au ikiwa huna pa kurudi nyuma. Tuipime kwenye miji mitatu ambako wasomaji wetu wengi wanaishi.

Tuanze na Louisville. Ng'ambo ya mto, upande wa Indiana, kuna hifadhi ya Falls of the Ohio. Kati ya Agosti na Oktoba maji hupungua na kufunua mwamba wenye visukuku vya matumbawe vya miaka milioni 390 hivi. Aliyekulia kwenye nyumba za mawe ya Lamu au Unguja atajiona yuko kwao. Hapa lenzi pana ina kazi: piga magoti, isogeze kamera hadi nusu mita kutoka kwenye tumbawe, weka f/11, na uache mto ukae nyuma. (Kuokota visukuku ni marufuku, chukua picha tu.) Lakini ukitaka majengo ya mji kutoka ukingo huo huo, milimita 10 itayafanya kuwa uzi. Tumia 35 au 55 ya lenzi yako ya zamani.

Columbus ina Hocking Hills, mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Ash Cave, licha ya jina lake, ni mwamba ulioinama kama kibaraza kikubwa mno: futi 700 kutoka ncha hadi ncha, na futi 100 kwenda ndani. Ukiwa chini yake, huwezi kurudi nyuma bila kutoka nje, na sheria ya hifadhi hairuhusu kuacha njia. Lenzi ya milimita 18 itakata ncha zote mbili. Hapa ndipo pembe pana inapolipa deni lake. Shika kamera sawasawa. Ukiiinua juu, miti itainamiana kama walevi.

Buffalo iko karibu na Niagara, kilomita 30 hivi. Hifadhi ya upande wa Marekani ilifunguliwa mwaka 1885, na kuingia kwa miguu ni bure. Wengi huamini kwamba hapa ndipo penye kuhitaji lenzi pana kuliko kwingine. Sisi tunaona kinyume. Kwa milimita 10 maporomoko yanakuwa utepe mweupe, na kioo kipana cha mbele hunasa matone kila dakika. Isimamishe kamera wima, funga mwangaza na fokasi kwa mkono, kisha piga picha tano harakaharaka kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikiilalia mwenzake theluthi. Programu ya bure iitwayo Hugin itaziunga. Umepata upana bila kutoa senti. Na anayetamani kuvuka daraja aone maporomoko kwa mbele akumbuke kwamba Kanada ni nchi nyingine yenye masharti yake. Apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Ukiona bado unaihitaji, zipo mbili za kuangalia. Canon EF-S 10-18 ilitoka mwaka 2014 kwa dola 299. Nikon AF-P DX 10-20 ilitoka mwaka 2017 kwa dola 310 hivi. Za mtumba huwa chini ya hapo. Hazipokei mwanga mwingi, lakini mandhari hupigwa kwa f/8 au f/11 juu ya stendi, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Tahadhari moja: AF-P haipatani na kamera za zamani kama D3100, soma orodha ya Nikon kwanza. Na Samyang ya milimita 14, inayosifiwa sana, kwenye kamera zetu ndogo inaongeza upana kidogo tu kuliko 18, na fokasi yake ni ya mkono.

Ukinunua mtumba, mulika tochi ndani ya kioo utafute ukungu, kisha upige ukuta wa matofali kwa f/8 na kulinganisha pembe nne. Pembe moja ikififia peke yake, irudishe. Bora zaidi, kodi lenzi kwa siku mbili, au uliza kama chuo chako huazimisha, kabla ya kutoa pesa yako.

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Tuleteeni picha zenu kwa toleo lijalo, na chini ya kila moja andikeni milimita mlizotumia. Za milimita 18 tutazipokea kwa mikono miwili.