Kifaransa Kifundishwe kwa Kazi
Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kifaransa si anasa tena kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu. Lubumbashi Kiswahili kitakufikisha. Kinshasa ni vigumu. Dell Hymes, mwanaisimu wa Marekani, alishaeleza katika miaka ya 1970 kwamba kujua sarufi hakutoshi: lazima ujue useme nini, na nani, wapi. Mwongozo wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001 nao hupima kile mtu anachoweza kukifanya kwa lugha.

Basi darasani mwanafunzi mmoja awe wakala wa forodha, mwenzake mfanyabiashara wa Kinshasa ambaye mzigo wake umekwama bandarini, wabishane mpaka waelewane. Wapo wanaohofia kwamba sarufi itapotea. Haipotei, hapo ndipo inapouma, kwani mfanyabiashara akichanganya j'ai payé na je paierai, yaani nimelipa na nitalipa, kontena halitoki. Madarasa yaliyofurika ni kikwazo cha kweli, ila hata humo wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuzungumza.