Zawadi ya Pasaka Haihitaji Risiti

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, kuanzia Nagongera, wilayani Tororo, Uganda, hadi Busia kwenye mpaka na Kenya, swali huwa ni lile lile. Utalisikia kwenye foleni ya kinu cha kusaga, utalisikia mlangoni mwa kanisa: "Watoto umewanunulia nini?" Sijawahi kusikia mtu akiuliza, "Umewapa nini?" Ndimi zetu zimeshakata shauri kwamba zawadi ni kitu kilichonunuliwa. Ndiyo maana mama aliyekesha akisuka kikapu kidogo cha maganda ya mafunjo, akatia humo mayai mawili, matonge ya simsim na mpira wa matambara, akiulizwa swali hilo huinamisha kichwa na kujibu: "Mwaka huu sikupata kitu."

Ninagombana na jibu hilo, na zaidi ninagombana na imani iliyolizaa: kwamba zawadi ya nyumbani ni zawadi ya mnyonge, na kwamba mzazi anayejiheshimu hupita dukani. Imani hiyo ni ya uongo, ina hasara, na anayeumizwa nayo kwanza ni yule yule mtoto tunayedai kumpenda.

Sisemi kama mtu aliyezaliwa na hekima. Mwaka mmoja nilikwenda Busia Jumamosi Kuu nikamnunulia mpwa wangu gari la plastiki lenye taa na king'ora. Jumapili nzima lilipiga kelele, nami nikatembea kifua mbele. Jumatatu ya Pasaka, kabla ya chai, magurudumu mawili yalikuwa yameng'oka na king'ora kimekauka koo. Alasiri nilimkuta mpwa wangu nyuma ya jikoni. Alikuwa ameyachukua magurudumu yaliyosalia, akakata mengine mawili kwenye ndara iliyochakaa, akayafunga yote kwa waya chini ya kopo la mafuta ya kupikia. Gari lile la pili lilidumu hadi mvua za mwisho wa mwaka. Nililolinunua mimi lilikuwa, kwa hesabu yake, duka la vipuri.

Tuseme ukweli: gari lile sikumnunulia yeye. Niliyanunulia macho ya majirani. Mtoto wa miaka mitano haulizi bei. Sisi ndio tunaomfundisha kuuliza. Tunamfundisha tunaposema mbele yake kwamba fulani "kapewa kitu cha maana" kwa sababu kilitoka kwenye boksi. Baadaye akikua na kuukunjia uso ugali wa wimbi na shati lililoshonwa na fundi wa sokoni, tunashangaa kiburi hicho amekitoa wapi.

Itazame na kalenda. Pasaka haiwi kabla ya tarehe 22 Machi wala haipiti tarehe 25 Aprili. Hapa Tororo hiyo ni miezi ya kupanda. Karanga na maharage viko ardhini, ghala limebakiwa na mbegu au halina kitu, na karo ya muhula wa kwanza bado ina madoa ya deni. Mvua hiyo hiyo inayotustawishia shamba ndiyo inayotuletea mbu, na jina la Nagongera halikuingia katika tafiti nyingi za malaria kwa bahati mbaya: huku ni mahali ambapo homa ya mtoto haisubiri mshahara. Mzazi anayezimaliza shilingi zake za mwisho kwenye plastiki msimu huu anaukopa mwezi wa Mei ili Jumapili moja ipendeze. Homa ikibisha hodi Jumanne, king'ora cha gari hakilipi dawa.

Hapo ndipo watu wa upande wa pili husimama. Wananiambia: "Basi achana na zawadi kabisa. Vikapu na mayai ya Pasaka ni mambo ya Wazungu, hayatuhusu." Nao nawajibu, maana hawa na wale wa dukani wanaamini jambo moja bila kujua: wote wanadhani desturi hii ilizaliwa dukani.

Haikuzaliwa huko. Zamani Kanisa liliwakataza Wakristo kula mayai katika siku 40 za Kwaresima. Watu walifunga, lakini kuku hawakufunga. Mayai yakarundikana nyumbani, na Pasaka ilipofika yakachemshwa, yakapakwa rangi na kugawiwa watoto na majirani. Wakristo wa Mashariki, Wagiriki kwa mfano, huyapaka rangi nyekundu, na njia ya zamani ya kuipata ni kuchemsha mayai hayo pamoja na maganda ya vitunguu. Sungura naye alitokea Ujerumani: mwaka 1682 daktari Georg Franck von Franckenau aliandika juu ya simulizi ya sungura anayewafichia watoto mayai. Wajerumani waliohamia Pennsylvania katika karne ya 18 walikwenda nayo, na watoto wao walitengeneza viota kwa kofia zao ili sungura apate pa kutagia. Kikapu cha Pasaka kinachouzwa leo kikiwa kimefungwa utepe ni mjukuu wa kiota hicho cha mtoto.

Duka liliingia lini? Kampuni ya Fry ya Bristol ilitengeneza yai la chokoleti mwaka 1873, na Cadbury ya Birmingham ikafuata mwaka 1875. Yaani daktari yule na simulizi yake walitangulia kwa karibu miaka 200 kabla ya kiwanda kugundua kwamba hapa pana pesa. Mwenye kusuka kikapu nyumbani Nagongera hamwigi Mzungu wa dukani. Anafanya kile walichokuwa wakifanya wanakijiji wa huko kabla hawajauziwa sikukuu yao wenyewe.

Na kama yai lina uzito mahali popote, lina uzito hapa kwetu. Katika jamii nyingi za Uganda na magharibi mwa Kenya, bibi zetu hawakuruhusiwa kula kuku wala yai. Kuku alichinjwa, mama akampika, wanaume wakala. Watoto nao waliambiwa kwamba anayeonja yai atakuwa mwizi. Miiko hiyo imelegea, lakini bado ziko nyumba ambamo mayai yote huenda sokoni kununua sabuni na chumvi, na mtoto huyaona yakipita tu. Sasa fikiria msichana wa miaka saba anakabidhiwa mayai mawili yenye rangi nyekundu, yake peke yake, mbele ya baba na kaka zake. Yai moja halifiki shilingi 1,000 za Uganda, ila kwa msichana huyo limebeba habari ambayo bibi yake hakuisikia maisha yake yote: nawe umo katika wanaokula. Hakuna chokoleti inayosema hivyo, hata ile isiyoyeyuka kabla ya kufika Nagongera.

Wasiotaka kunisikiliza mimi na walisikilize kanisa lao wenyewe. Jumatano ya Majivu waumini hupakwa majivu yaliyotokana na matawi ya mwaka uliopita. Jumapili ya Matawi watoto huja na matawi ya ukindu waliyoyakata wenyewe, na wenye vidole vyepesi huyasuka misalaba midogo wakati mahubiri yakiendelea. Sijaona mtu akimcheka mtoto kwa kuwa tawi lake halikununuliwa. Padri hulibariki, bibi hulichomeka juu ya mlango, nalo hukaa hapo mwaka mzima. Siku saba baadaye, vidole vile vile vikisuka kikapu kwa ukindu ule ule, tunaona haya. Ni wiki ya namna gani hiyo, inayoanza kwa kuheshimu mikono na kumalizika kwa kuidharau?

Au twende Busia penyewe, mahali tunapokimbilia kununua. Kitu kikubwa kuliko vyote ambacho mpaka ule umeipa dunia hakikutoka kwenye kontena. Katika miaka ya 1960 vijana wa pale walifunga mto wa kukalia kwenye keria ya baiskeli na kuanza kuvusha abiria katikati ya vituo viwili vya mpakani. Walinadi "border, border", yaani mpaka kwa mpaka, kwa Kiingereza chao cha barabarani, na jina likakaa: boda boda. Leo neno hilo linajulikana kote Afrika Mashariki. Lilianza na mto, kamba na akili ya mtu asiyekuwa na mtaji. Watu waliozaliwa karibu na ubunifu huo ndio wanaomwambia mtoto kwamba kitu cha mkono si kitu.

Kikapu chenyewe, kwa upande mmoja wa mpaka ule, kinapatana na sheria ya nchi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 4 za Kenya, au kifungo cha hadi miaka 4. Upande wa Uganda kaveera, yaani mfuko wa plastiki, bado inapepea kwenye kila kibanda na kuziba kila mtaro. Mtoto wa Nagongera anayekuwa na kikapu chake mwenyewe, anayejua mafunjo hukatwa wapi kwenye bwawa na huanikwa siku ngapi, hajarudishwa zama za kale. Amewatangulia wengi wetu.

Nikiri mambo mawili, maana hoja isiyokiri kitu ni ya mlevi. La kwanza, si kila kitu cha dukani ni takataka. Daftari, kalamu za rangi na viatu vya shule ni zawadi njema, na sina ugomvi na mwenye uwezo. Ugomvi wangu ni na aibu. La pili, mkono nao una gharama. Wanaosifu zawadi za nyumbani husahau kwamba anayezitengeneza ni mama, usiku, baada ya kutoka kupalilia, kuchota maji na kupika. Kumwongezea vikapu sita na kuuita huo upendo ni unyonyaji mwingine.

Basi jibu ni baba. Wazee wa kiume niliowakuta nikiwa mdogo walisuka wenyewe vikapu na kuta za ghala, wakipiga soga chini ya mwembe, wala hakuna aliyewaita wanawake. Wana wao ndio waliokuja kukunja mikono na kuamua kwamba mchango wa mwanamume ni pesa tu, na pesa ikikosekana hana mchango. Baba asiye na shilingi mfukoni bado ana kisu, waya, ndara iliyochakaa na alasiri ya Ijumaa Kuu. Anaweza kumchimbia mtoto vishimo vya mweso kwenye ubao, safu 4 za vishimo 8, na kumhesabia kokwa 64 kwenye mfuko mdogo wa kitambaa. Huo ni mchezo utakaomfundisha hesabu na subira, na utawakutanisha wawili hao jioni nyingi baada ya sikukuu kupita. Gari lenye king'ora humkutanisha mtoto na betri iliyokwisha.

Wahenga walishasema kutoa ni moyo, si utajiri, nasi tumeigeuza methali hiyo kuwa pole ya maskini. Haikutungwa kuwafariji wasio na kitu. Ni kipimo, na kinampima tajiri kama kinavyompima maskini. Kiswahili chenyewe kinatusuta: kumtunza mtu ni kumlea na kumhifadhi, na kumtunza mtu ni kumpa zawadi. Neno ni moja. Waliotuachia lugha hii hawakuona pengo kati ya mkono unaolea na mkono unaotoa, na hawakumweka mwenye duka katikati.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Pasaka ijayo anza kwa kuliacha lile swali. Ukikutana na jirani, muulize amewapa watoto nini, na akikuambia mayai na kikapu, usimpe pole. Kuanzia Jumapili ya Matawi weka maganda ya vitunguu pembeni badala ya kuyatupa. Jumamosi Kuu yachemshe katika sufuria pamoja na mayai, taratibu, mpaka yashike rangi, na waache watoto wasimame karibu na jiko waone. Mpe baba kisu na mafunjo. Kaveera iache dukani.

Na asubuhi ya Jumapili, mtu akikuuliza umewanunulia nini, inua kichwa umjibu: "Sikununua. Tumetengeneza."