Nani Alisema Voi Haitaki Nyimbo Zake?

Ipo kauli inayorudiwa Voi mpaka imekuwa kama ukweli. Utaisikia kwa kinyozi, utaisikia stendi ya matatu, na wakati mwingine utaisikia kwa watangazaji wenyewe: stesheni kubwa za Nairobi hucheza kile wananchi wanachotaka, na ikiwa nyimbo za Kidawida, lugha ya Taita, hazisikiki humo, basi hazina soko. Wanaoisema si watu wenye nia mbaya. Wengi ni Wadawida wa kuzaliwa, wapenzi wa muziki, wanaodhani wanautazama ukweli mchungu bila kuogopa. Wamekosea, na kosa lao linawagharimu wasanii wa kaunti nzima ya Taita Taveta, kuanzia Taveta hadi Kasigau.

Tazama wimbo unavyofika redioni. Stesheni ya kitaifa huandaa matangazo yake Nairobi na kuyarusha hadi kwenye mitambo ya kila eneo. Anayesikiliza Mbololo anapata wimbo uleule, dakika ileile, na anayesikiliza Kasarani, Nairobi. Orodha ya nyimbo hupangwa na mkuu wa muziki akisaidiwa na programu ya kompyuta inayoamua wimbo huu urudi mara ngapi kwa siku na saa zipi. Mtangazaji wa zamu mara nyingi hana ruhusa ya kuongeza wake.

Mkazi wa Sagalla anaingia wapi hapo? Anaingia mwisho kabisa, anapotuma ujumbe kuomba wimbo, naye anaomba katika zile nyimbo alizokwisha kuzisikia. Utafiti wa wasikilizaji nao humwuliza anasikiliza stesheni gani na saa ngapi. Haumwulizi ni wimbo gani aliutamani wiki nzima asiupate. Kisha jibu lake linapelekwa kwa watangazaji wa biashara kama ushahidi kwamba ameridhika.

Enzi ya kadi za salamu ilikuwa hivyohivyo. Wazee wa Mwatate na Bura wanazikumbuka vizuri: unanunua kadi, unaijaza majina ya shemeji, majirani na wenzako wa chama cha salamu, unaandika wimbo unaoupenda, unaipeleka posta kwenda Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya wakati huo. Ilikuwa raha kubwa kusikia jina lako likisomwa nchi nzima. Lakini wimbo ulioombwa ulitoka katika maktaba ya santuri ya Nairobi, na ambao haukuwamo humo haukuchezwa hata kama kijiji kizima kingeuandikia kadi. Leo kadi zimekwisha na ujumbe wa simu umechukua nafasi yake. Maktaba bado ni ya Nairobi.

Watetezi wa kauli hii husema soko hujileta lenyewe. Watazame Bongo Flava, muziki unaotawala leo katika magari yanayotoka Voi kupanda Wundanyi. Haukuzaliwa ukiwa na soko. Katikati ya miaka ya 1990, vijana wa Dar es Salaam waliokuwa wakirapu kwa Kiswahili walionekana ni watoto wanaoiga Wamarekani. Redio binafsi zilizoanza wakati huo, Radio One ikiwa miongoni mwa za mwanzo, ziliwapa nafasi hewani, na Mike Mhagama, mtangazaji wa Radio One, ndiye anayetajwa na wengi kuwa aliupa muziki huo jina lake. Wasikilizaji walifuata baadaye. Kabla ya hapo, Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikirekodi bendi katika studio zake na kuzicheza mchana na usiku, na ndivyo Mlimani Park na Vijana Jazz zilivyopata mashabiki hadi upande huu wa mpaka. Redio ilitangulia, soko likaja nyuma yake.

Kenya ina mfano wa kinyume unaouma zaidi. Mwaka 2018 kundi la Ethic kutoka Umoja, Nairobi, lilitoa "Lamba Lolo". Vijana waliupokea kwa kishindo kwenye YouTube na ndani ya matatu, na stesheni kubwa ziliukimbilia ulipokuwa tayari umeshika mji. Huo ulikuwa muziki wa Nairobi yenyewe, umetungwa mwendo wa matatu moja kutoka studio za stesheni hizo. Ikiwa hawakuujua mpaka mtaa ulipowalazimisha, wamejuaje kwamba watu wa Werugha hawataki muziki wao?

Hoja ya pili ya watetezi ni lugha. Kidawida, wanasema, hakieleweki nje ya Taita, seuze Kisagalla na Kitaveta. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote. Wakenya wamecheza muziki wa Lingala kwa zaidi ya nusu karne bila kuelewa beti mbili mfululizo. Mtangazaji Fred Obachi Machoka amekijengea jina kubwa kipindi chake cha "Roga Roga" kwa muziki huo. Voi hapahapa, katika harusi, Franco na Mbilia Bel wakiwekwa hakuna anayekaa chini akidai tafsiri. Benga ya Kijaluo imevuka milima na mito. Sikio la Mkenya limezoea lugha asiyoijua kwa sababu limepewa muda wa kuizoea, na muda huo ndio Kidawida hakijawahi kupewa.

Kuna pia wanaosema Taita haijatoa mwanamuziki wa kupigiwa mfano. Fadhili William alizaliwa Taita mwaka 1938. Rekodi yake ya "Malaika", ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ndiyo iliyoutangaza wimbo huo, ingawa ubishi juu ya nani aliutunga haujaisha. Miriam Makeba aliuimba, Harry Belafonte aliuimba, Boney M wakaurekodi pia. Ni kweli uliimbwa kwa Kiswahili. Lakini aliyeupaza wimbo huo alitoka katika vilima ambavyo leo vinaambiwa havina sauti ya kuuza.

Hoja moja ya watetezi ina uzito, nayo isifichwe: rekodi nyingi za nyumbani hazina ubora wa kushindana. Msanii wa Taita Taveta aghalabu hurekodi katika chumba kidogo, kinanda kimoja kikipiga kila kitu kuanzia ngoma hadi gitaa la besi, kwa pesa alizokusanya kwa kuuza mahindi au kwa vibarua. Ukisikiliza, sauti yake ni nzuri na vyombo vimeibana. Lakini fedha za kurekodi vizuri hutoka wapi? Sehemu yake ilipaswa kutoka kwenye mirabaha, na mirabaha humfuata anayechezwa. Asiyechezwa halipwi, asiyelipwa harekodi vizuri, kisha ubovu wa rekodi unatolewa kama sababu ya kutomcheza.

Sheria haijamsaidia. Kanuni za utangazaji za Kenya zinadai angalau asilimia 40 ya matangazo iwe ya Kenya. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, watangazaji wawili wanaobishana asubuhi kuhusu ndoa za watu ni maudhui ya Kenya, na stesheni inaweza kutimiza kiwango bila kucheza wimbo mmoja kutoka nje ya mji mkuu. Ufaransa ilikuwa makini zaidi: tangu 1996 redio za muziki kwa kawaida zinatakiwa kuhakikisha asilimia 40 ya nyimbo zao ni za Kifaransa, na nusu ya hizo ziwe za wasanii chipukizi au kazi mpya. Huko zinahesabiwa nyimbo zenyewe. Kenya nayo iliwahi kuthubutu. Machi 1980 Sauti ya Kenya iliamuru asilimia 75 ya muziki wake uwe wa nyumbani, na amri hiyo ikaachwa upesi.

Wengine hujibu kwamba Taita ina Mwanedu FM na Anguo FM, basi watu waridhike. Stesheni hizo zinastahili shukrani, na bila hizo nyimbo nyingi zisingesikika popote. Lakini jibu hilo linamaanisha kwamba msanii wa Voi ni wa Voi tu, ilhali wa Nairobi ni wa taifa. KBC, shirika la utangazaji la taifa, hupokea fedha za kodi ya Wakenya wote, akiwemo mchuuzi wa soko la Mwatate na mfanyakazi wa shamba la mkonge. Masafa ya redio ni mali ya umma.

Na muda unakwenda. Desemba 2024 UNESCO iliiweka Mwazindika, ngoma ya kiroho ya Wadawida, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. UNESCO, iliyo Paris, imejua kwamba ngoma hiyo inapotea. Kijana wa Eldoret au Kisii huenda hajawahi kuisikia ikipigwa redioni hata mara moja.

Radio Taifa ya KBC ianze. Itenge saa moja kila wiki, wakati watu wako macho, kwa muziki wa kaunti zisizosikika, Taita Taveta ikiwa miongoni mwake, na ifanye hivyo kwa mwaka mzima kabla ya kuhukumu. Serikali ya kaunti igharimie rekodi bora za Mwazindika na za wasanii wa sasa, izipeleke Nairobi zikiwa tayari kuchezwa. Mamlaka ya Mawasiliano ihesabu nyimbo, si vipindi tu. Na msikilizaji wa Voi atakapotuma ujumbe leo jioni, aombe wimbo wa Kidawida kwa jina la msanii wake, na asiposikia chochote aombe tena kesho.