Wimbo Usio na Kwao

Kuna ushauri ambao kijana yeyote anayetunga wimbo wa kuisuta serikali huupata bure, awe ameuomba au hakuuomba. Mtayarishaji wa studio atampa, mtangazaji wa redio atampa, na mjomba wake mwalimu mstaafu atampa tena kwa msisitizo: punguza mambo ya kwenu. Toa jina la kata. Toa lugha ya nyumbani. Sema "wananchi" pale uliposema watu wa kwenu, wimbo uwe wa taifa zima, nawe usije ukaitwa mkabila. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na ni mbovu.

Wanaoutoa wanaamini kwamba malalamiko ya upande mmoja wa nchi yanaigawa nchi, kwa hiyo wimbo wa haki sharti uwe wa kila mtu. Tuwaulize: nyimbo za kila mtu tuliwahi kuzikosa lini? Enzi za Rais Moi tulikuwa nazo tele. Kwaya za walimu na watumishi wa umma zilijipanga uwanjani na sare zilizonyooshwa, zikaimba amani, upendo na umoja mbele ya jukwaa la wakubwa. "Tawala Kenya Tawala" wa Thomas Wasonga ulisikika redioni hadi watoto wakaukariri. Ukitafuta ukabila katika nyimbo za namna ile unaweza kukesha na usiupate. Zilimtaja kila Mkenya, na aliyefaidika nazo alikuwa mmoja.

Sasa chukua "Unbwogable", yaani asiyetishika, ya Gidi Gidi na Maji Maji, iliyotoka mwaka 2002. Kwa kipimo cha washauri wetu, wimbo ule ulistahili kufia Kisumu, huko Nyanza kwa Wajaluo. Unachanganya Kijaluo na Kiingereza. Waimbaji wanajitambulisha waziwazi kuwa ni Wajaluo, na wanasiasa wanaosifiwa, Raila Odinga na James Orengo wakiwemo, ni wa kwao. Hata ule mtindo wa kujitapa una nasaba yake: ni pakruok, majigambo ya sherehe za Kijaluo, ambapo mtu hutoa pesa, muziki ukasimama, akajisifu yeye na jamaa zake mpaka aridhike. Anayetafuta mfano wa wimbo wa "sisi watu wa huku" hatapata ulio wazi kuliko huo.

Ndio huo huo uliobebwa na umati wa NARC, muungano wa upinzani, nchi nzima. Tarehe 14 Oktoba mwaka ule Raila alisimama Uhuru Park akatamka "Kibaki tosha", na mgombea wa upinzani akawa Mwai Kibaki, Mkikuyu wa Nyeri. Mapema Desemba Kibaki akapata ajali ya gari, akalazwa London, akarudi kumalizia kampeni kwenye kiti cha magurudumu. Na watu wasiojua Kijaluo hata cha kuombea maji wakawa wanaimba kwa Kijaluo kwamba hakuna wa kuwatisha. Tarehe 27 Desemba wakapiga kura, na KANU, iliyotawala tangu uhuru, ikaondoka. Washauri wa studio hawajawahi kutueleza jambo hilo liliwezekanaje.

Liliwezekana kwa sababu majigambo yale yalikuwa na historia nyuma yake, na historia hiyo ina mahali. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri Mjaluo, alipigwa risasi katikati ya Nairobi. Oktoba mwaka huo huo Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali, umati ukamzomea, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa barabarani. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Oginga Odinga, akawekwa kizuizini. Februari 1990 mwili wa Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, ukaokotwa karibu na nyumbani kwake Koru. Mtu wa upande huo akisimama na kusema hatishiki, msikilizaji anajua ametishwa na nani, wapi, na mara ngapi. Maneno hayo hayo yakitoka kwa "mwananchi" asiye na kwao yanakuwa domo tupu, kwa kuwa huyo hakuna aliyewahi kumfyatulia risasi.

Aliyeshuhudia watu wa bara wakifukuzwa Likoni, Mombasa, mwaka 1997, au aliyewahi kuteremshwa katika vyumba vya mateso vya chini ya Nyayo House, Nairobi, hakuhitaji kuwa Mjaluo ili aelewe kinachosemwa. Alihitaji ushahidi kwamba mwenzake naye yamemkuta. Ushahidi hautolewi kwa jumla jumla. Hata mahakamani ukisema "watu walionewa" hakimu atakuuliza ni nani, wapi, lini.

Nakubali kwamba zipo nyimbo zilizouma bila kushika upande wowote. "Nchi ya Kitu Kidogo" ya Eric Wainaina ni mojawapo, na iliwakera wakubwa ipasavyo. Lakini hongo ya barabarani na ya dirisha la ofisi kweli inatukuta wote, kwa namna moja, kila siku. Unyang'anyi wa ardhi hautukuti wote kwa namna moja. Wala risasi hazitukuti hivyo.

Hapa ndipo wenye hofu hunitolea Rwanda, na wana haki ya kunitolea. Tarehe 2 Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Nyimbo zake zilipigwa na redio RTLM wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Basi, wanasema, unaona wimbo wa "sisi" unakoishia?

Nimeona. Ila hukumu yenyewe ina jambo ambalo wanaoitaja huliruka. Majaji walikubali kwamba nyimbo za Bikindi zilitumika kueneza chuki, lakini kilichomfunga ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti cha gari kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994, akiwahimiza Wahutu wawaangamize Watutsi. Mimi nisingekuwa mpole kwa nyimbo zile kama majaji walivyokuwa. Hata hivyo, ubaya wa nyimbo hizo haukutokana na kutaja nyumbani kwao. Ziliwaita Wahutu wote, wa kila kilima, wawe kitu kimoja, wenye shamba na wasio na shamba, mwenye cheo na asiye nacho. Na redio ilipozipiga, aliyekuwa anaoneshwa kuwa adui alikuwa jirani wa mlango wa pili, mtu asiye na bunduki wala ofisi. Kabila zima likitajwa kwa mkupuo ni jumla jumla ile ile ya akina mjomba, imebadilishwa jina tu.

Kwa hiyo mwenye kuupima wimbo aache kuhesabu mara ngapi umetaja Nyanza au Pwani. Aangalie umemshtaki nani. Ukimshtaki aliyeshika muhuri, hata kwa lugha ya kijiji kimoja, huo ni wimbo wa haki. Ukimshtaki anayeteka maji nawe kisima kimoja, hata kwa Kiswahili sanifu na kwaya ya watu mia, ni uchochezi.

Kuhusu kugawa nchi, sijui tumweke wapi D. O. Misiani, mfalme wa benga. Alizaliwa upande wa Shirati, Tanzania, akafanya jina lake Kenya, akaimba kwa Kijaluo visa vya wanyama ambavyo kila mtu alijua ni visa vya mawaziri. Alikamatwa zaidi ya mara moja. Mpaka wa nchi ulikuwa umekata kwao vipande viwili muda mrefu kabla hajashika gitaa.

Na yupo mshairi Abdilatif Abdalla. Mtoto huyu wa Mombasa aliandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968 kuitetea haki ya KPU, chama ambacho wengi walikiona cha Wajaluo, na akafungwa miaka mitatu. Gerezani alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, tungo za arudhi ya Pwani zinazoimbika, kwa Kimvita, lahaja ya mtaani kwao, bila kuisafisha ili bara ifurahi. Kitabu kilitoka 1973, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mwenyewe alikuwa ameshahamia Dar es Salaam, ameajiriwa na taasisi ya Chuo Kikuu inayoshughulikia Kiswahili sanifu.