Sikukuu ya Wananchi Huanza kwa Wananchi

Kila ifikapo tarehe 14 Julai, Wafaransa huadhimisha siku ambayo mwaka 1789 watu wa Paris waliliteka gereza la Bastille. Majeshi hupita kwa gwaride katika barabara ya Champs-Élysées mbele ya Rais, na jioni watu hucheza dansi katika vituo vya zimamoto na kutazama fashifashi angani.

Sherehe hiyo ni ya uhuru, nasi hatuna neno nayo. Lakini sisi watu wa visiwa tunayo haki ya kuuliza: uhuru huo ulikuwa wa nani? Katika kisiwa cha Réunion, kilichomo katika Bahari yetu hii ya Hindi, watumwa walingoja miaka 59 baada ya Bastille. Miongoni mwa wazee wao walikuwamo watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Itakumbukwa kwamba mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa.

Tangazo la uhuru lilitolewa Réunion tarehe 20 Disemba 1848, likawafungua watu zaidi ya 60,000. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 135 siku hiyo haikuwamo katika sikukuu za serikali. Wananchi hawakuiacha; waliihifadhi kwa maloya, ngoma iliyozaliwa miongoni mwa watumwa. Sheria iliwafuata mwaka 1983. Leo kazi hufungwa na ngoma hulia hadi usiku. Wenyewe huiita Sikukuu ya Kaf, neno ambalo asili yake ni "kafiri" la Kiarabu. Tusi la jana limekuwa jina la fahari.

Hapana shaka hapa lipo funzo kwa watendaji wetu. Sikukuu haifanywi na karatasi yenye mhuri. Mwananchi akiketishwa juani kusikiliza hotuba ndefu, na ngoma yake ikaitwa kwa dakika tano tu kupamba jukwaa, siku hiyo ni ya wakubwa, si yake.

Kwa hiyo tunawasihi wanaopanga sherehe zetu wawaulize kwanza wazee wa shehia, walimu wa skuli na wapiga ngoma: siku hii mwaikumbuka kwa lipi? Jibu lao ndilo liwe ratiba.