Muhtasari Usomwe Kwanza

Mwaka 1962, nchi ikiwa changa kabisa, Julius Nyerere aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe. Aliwaonya wenzake wa chama chake cha TANU kwamba hoja ipimwe kwa uzito wake, si kwa cheo cha aliyeitoa. Katika maandishi yake yote, hilo ndilo wazo ninalolithamini zaidi, na pa kulipimia ni mkutano mkuu wa kijiji.

Chukua Mvumi, hii ya wilaya ya Kilosa, si ile ya Dodoma. Wilaya hiyo ina mashamba makubwa ya mkonge, wakulima wadogo na wafugaji, wote wakiitazama ardhi ileile. Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni, wilayani humohumo, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Huko neno moja kwenye karatasi laweza kumwaga damu.

Kanuni ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Lakini kinachofika wilayani si mkutano, ni muhtasari wake na orodha ya mahudhurio. Mtu aliyesaini kuthibitisha kwamba alikuwepo akihesabiwa kuwa amekubali, sheria itaonekana imefuatwa, naye shamba limemtoka. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953 baada ya kifo chake, alionyesha kuwa kanuni haijitafsiri yenyewe. Maana yake imo katika desturi ya wanaoifuata. Desturi ikioza, kifungu hakisaidii kitu.

Nyerere mwenyewe hakufaulu mtihani huu wa kuifuata kanuni yake. Katika Ujamaa Vijijini ya 1967 alisisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa nguvu, huku lugha ya hiari ikiendelea majukwaani. Naam, shule, zahanati na visima vilifika kwa wengi, na mwaka 1977 alitoa tathmini ya wazi ya Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa, pamoja na mapungufu yake. Lakini aliyehamishwa hakuwa na pa kusema kwamba hakukubali. Sheria ya 1999 ikaja kuhalalisha ugawaji wa ardhi wa miaka ya 1970 hadi 1977, hata ule uliofanywa kinyume cha sheria. Nchi ilihitaji utulivu, sawa. Hata hivyo kilichoidhinishwa ni ukimya.

Wapo watakaosema mkutano wa kijiji nao si malaika: wakulima wakiwa wengi, mfugaji atashindwa kila kura. Pingamizi hili ni zito, na ndiyo sababu muhtasari wa kweli hauna budi kuandika waliokataa na walichokisema, ili wawe na cha kushika mbele ya baraza la ardhi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na sasa hakuna kisingizio cha lugha. Muhtasari wowote unaohusu ardhi usomwe kwa sauti katika mkutano mkuu unaofuata, pingamizi ziandikwe hapohapo mbele ya waliozitoa, nakala ibandikwe ofisi ya kijiji, na wilaya ikatae kupokea karatasi ambayo haijapita njia hiyo.